Asilimia Tatu Si Sadaka: Makato ya Bima Yahesabiwe Hadharani

Kila mwisho wa mwezi, katika vyumba vya walimu na katika ofisi za halmashauri, husikika manung'uniko ya aina moja. Mshahara umeingia, lakini umeingia ukiwa umepungua. Mtumishi huifungua hati yake ya mshahara, huipitia orodha ya makato, na afikapo kwenye mstari wa bima ya afya hutamka neno ambalo sasa limekuwa la kawaida vinywani mwetu: "Hawa nao wanatuibia tu." Wenzake hucheka, kengele hulia, na mjadala hufa hadi mwezi ujao.

Makala haya yanakusudia kusema mambo mawili ambayo huenda yasimpendeze kila mtu. La kwanza ni kwamba mtumishi anayeyaita makato ya bima wizi pasipo kuyahesabu anajidhulumu nafsi yake, na bila kujua anawatumikia wale ambao wangependa afya iwe bidhaa ya wenye fedha. La pili ni kwamba mtendaji anayesimamia kukatwa kwa mshahara wa mwalimu wa Nachingwea au Ruangwa kila mwezi bila kukosa, kisha asijali kama zahanati ya karibu na mwalimu huyo ina dawa, amevunja mapatano. Asilimia 3 inayokatwa si sadaka. Ni malipo, na kila malipo yana stakabadhi yake na yana kile kilichonunuliwa.

HESABU YENYEWE

Hatuna budi kuanza na hesabu, kwa maana mengi yanayosemwa juu ya jambo hili husemwa na watu ambao hawakushika kalamu.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Msingi wake ni mwepesi. Kwa kila mtumishi wa umma, Mfuko hupokea asilimia 6 ya mshahara. Nusu, yaani asilimia 3, hukatwa kwa mtumishi. Nusu ya pili hulipwa na mwajiri wake. Kwa mchango huo hutibiwa mtumishi mwenyewe, mwenza wake na wategemezi wanne.

Tuchukue mfano wa mwalimu ambaye mshahara wake ni shilingi 800,000 kwa mwezi. Kwanza hukatwa asilimia 5 ya pensheni, yaani shilingi 40,000. Kodi ya mapato huhesabiwa juu ya zile 760,000 zilizobaki. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kodi. 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, yaani shilingi 20,000. Na 240,000 za mwisho hutozwa asilimia 20, yaani shilingi 48,000. Jumla ya kodi ni shilingi 68,000. Bima ya afya, kwa asilimia 3 ya mshahara wote, ni shilingi 24,000. Kama ni mwanachama wa Chama cha Walimu, asilimia 2 ni shilingi 16,000. Hadi hapo amekatwa shilingi 148,000, naye amebakiwa na 652,000. Kama alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa Serikali, asilimia 15 ya kurejesha mkopo ni shilingi 120,000 nyingine, na atakayoipokea mkononi ni shilingi 532,000.

Sasa na tuitazame orodha hiyo kwa macho makavu. Katika shilingi 268,000 alizokatwa mwalimu huyu, za bima ni 24,000. Hazifiki hata sehemu moja ya kumi. Mbona basi kelele nyingi zinaangukia sehemu hiyo ndogo? Jibu si gumu. Kodi hatuidai kitu siku hiyo hiyo. Pensheni tunaingojea miaka mingi. Lakini bima hujaribiwa usiku ambao mtoto anawaka homa na mzazi amesimama mbele ya dirisha la dawa. Makato mengine yanaweza kujificha, lakini haya hayawezi.

Na upo upande wa pili wa hesabu, ambao katika vyumba vya walimu hautajwi kabisa. Mwajiri analipa shilingi 24,000 nyingine kwa ajili ya mwalimu huyo huyo. Fedha hizo si zawadi ya mkubwa fulani wala si huruma ya Hazina. Ni sehemu ya ujira wa kazi ya mwalimu, ila hazipiti mkononi mwake. Kwa hiyo Mfuko hupokea shilingi 48,000 kila mwezi kwa jina lake, ambazo ni shilingi 576,000 kwa mwaka. Kama mke na mume wote ni walimu wa mshahara huo, nyumba yao moja inaingiza shilingi 96,000 kila mwezi, kwa kuwa sheria inakata mshahara, haikati kaya. Anayesema "nimekatwa elfu ishirini na nne" ameeleza nusu tu ya habari, tena ile nusu inayomfanya aonekane mdogo. Mwenye kudai haki ya shilingi 576,000 huzungumza kwa sauti nyingine.

WANAOTAKA KUJITENGA

Wapo miongoni mwetu, hasa wenye mishahara minene, wanaodai kwamba utaratibu huu unawaonea. Hoja yao ni hii: mwenye mshahara wa shilingi 500,000 anakatwa 15,000, na mwenye mshahara wa shilingi 3,000,000 anakatwa 90,000, lakini wote wana kadi moja na wanalala katika wodi za hospitali zile zile. Afadhali, wanasema, kila mtu aachiwe fedha zake ajinunulie bima aitakayo.

Hoja hiyo ina harufu ya ubinafsi, hata ikivishwa suti na tai. Kampuni ya bima ya biashara humwuliza mtu umri wake, maradhi yake na idadi ya watoto wake, kisha ikapanga bei. Mwenye afya hupewa bei nafuu, na mwenye mtoto wa selimundu hupewa bei ya kumfukuza. Asilimia hauulizi hayo. Humwuliza mtu jambo moja tu: unapata kiasi gani? Kila mtu hutoa kwa kadiri ya uwezo wake na kutibiwa kwa kadiri ya ugonjwa wake. Walioishi katika nchi hii baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 hawahitaji kuelezwa maana ya kanuni hiyo.

Na tukumbuke tulikotoka. Serikali iliwahi kubeba matibabu ya wananchi bila malipo, na mwaka 1977 sheria ikazuia hospitali za binafsi za kutafuta faida. Uchumi ulipobana, mwaka 1991 hospitali hizo zikaruhusiwa tena, na mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa kuchangia gharama. Mgonjwa akaanza kutakiwa fedha dirishani. Bima ya pamoja ndiyo iliyobaki kutulindia lile wazo la awali, kwamba maradhi ya mtu mmoja si balaa lake peke yake.

Kwa kijana wa kiume au wa kike aliyepangiwa kazi Ruangwa juzi, hana mke wala mume wala mtoto, tunamwambia: ni kweli, mwaka huu umechangia kuliko ulivyotibiwa. Umemtibu mwenzako wa darasa la jirani mwenye wazazi wagonjwa. Lakini hesabu ya bima haifungwi kwa mwaka mmoja. Mfuko umekuwa ukimtibu mstaafu na mwenza wake bila kumkata tena, na wewe pia utazeeka. Watu wa Nachingwea hasa si wa kufundishwa jambo hili. Hapo ndipo wapiganaji wa FRELIMO walipofanyia mafunzo yao hadi Msumbiji ilipojikomboa mwaka 1975. Wakulima wa wilaya hiyo waliishi jirani na vita isiyokuwa yao, wala hawakudai warudishiwe fidia. Hapakuwa na hati ya mshahara iliyowakata. Walichangia kwa sababu walijua maana ya ndugu.

ASILIMIA MOJA, HUDUMA MBILI

Baada ya kusema hayo, sasa na tuugeukie upande wa pili, kwa maana mshikamano haumpi mtendaji ruhusa ya kulala.

Mwalimu wa Kilimarondo katika Wilaya ya Nachingwea, au wa Nambilanje katika Wilaya ya Ruangwa, anakatwa asilimia 3. Mtumishi wa Dar es Salaam mwenye cheo kama chake anakatwa asilimia 3. Hadi hapo wako sawa. Lakini mtumishi wa Dar es Salaam akiugua ana hospitali kadhaa za kuchagua kwa nauli ya daladala, na akikosa dawa katika duka moja atavuka barabara. Mwalimu wa kijijini ana zahanati. Ikiwa na dawa, anatibiwa. Isipokuwa nayo, anaandikiwa karatasi. Anayepewa rufaa huenda hospitali ya wilaya, na maradhi yakizidi huelekea Hospitali ya Sokoine mjini Lindi, au kwa wamisionari wa Ndanda na Nyangao, au Mtwara kwenye hospitali ya kanda, au Muhimbili. Kadi yake hailipi pikipiki, hailipi basi, hailipi nyumba ya wageni ya anayemsindikiza mgonjwa, wala hailipi chakula chake.

Tuseme safari moja ya namna hiyo imemgharimu shilingi 60,000. Kwa mwalimu wetu wa mshahara wa 800,000, hizo ni asilimia 7 na nusu ya mshahara. Ongeza zile 3 za bima. Mwezi huo ugonjwa umemkata asilimia 10 na nusu, ingawa hati yake ya mshahara inasema asilimia 3. Hesabu iliyo kwenye hati ni sahihi, na hesabu iliyo nyumbani kwake nayo ni sahihi. Tatizo ni kwamba viongozi wengi wanaisoma ile ya kwanza tu.

Tena kuna jambo ambalo wachache wamelitafakari. Mfuko hulipa pale huduma ilipotolewa. Kituo hutibu, hujaza fomu, hupeleka madai, kisha hulipwa. Zahanati isiyokuwa na dawa haina cha kudai. Zahanati yenye mhudumu mmoja, ambaye mchana anazalisha, anachanja na kufunga vidonda, hujaza fomu zake usiku akiwa amechoka, na fomu yenye kasoro hukatwa au hukataliwa. Hospitali kubwa ya mjini yenye makarani wa kazi hiyo hudai kila shilingi yake. Basi fedha iliyotoka katika mshahara wa mwalimu wa kijijini husafiri hadi mjini na kubaki huko. Zahanati ilikosa dawa kwa kukosa fedha, sasa inakosa fedha kwa kukosa dawa. Hakuna mwizi aliyeingia hapo usiku. Ni utaratibu wenyewe, ukiachwa bila kusimamiwa, unaomnyang'anya mnyonge na kumwongezea aliyenacho.

Nachingwea inao ushuhuda wa zamani juu ya hesabu za namna hii. Mwaka 1946 wataalamu walitumwa na Serikali ya Uingereza kuitazama nchi yetu, wakaandika mpango wa kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ikaanza mwaka 1947, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yakaletwa, bandari ikajengwa Mtwara, reli ikatandazwa hadi Nachingwea. Kwenye karatasi za London kila tarakimu ilikaa mahali pake. Ilipofika Januari 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya paundi milioni 35 zikafutwa vitabuni kuwa hasara. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hesabu zile hazikushindwa kwa sababu ya kujumlisha vibaya. Zilishindwa kwa sababu walioziandika hawakuuliza mvua inanyeshaje wala udongo ukoje. Asilimia 3 iliyopangwa vizuri Dodoma, bila kuuliza zahanati ya kijijini ikoje, ni ndugu ya hesabu hizo.

MKULIMA AMETUSHINDA

Katika wilaya hizi mbili yupo mtu mwingine anayekatwa. Ni mkulima wa korosho. Korosho zake hupita katika chama chake cha msingi, huingia ghalani, huuzwa mnadani chini ya Chama Kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Bei ya mnada ikitangazwa, kabla ya fedha kumfikia hutolewa ushuru, gharama za chama, za ghala na za usafirishaji. Na katika mkutano wa chama cha msingi utamwona mzee ambaye hakumaliza hata darasa la nne amesimama na kuuliza: shilingi hii kwa kila kilo ni ya nini, imekwenda wapi, na mbona mwaka jana ilikuwa pungufu? Hakubali kukaa mpaka ajibiwe.

Sisi tuliomfundisha mtoto wa mzee huyo asilimia na sehemu, sisi tunaofunga hesabu za halmashauri, tunakatwa miaka na miaka na hatuulizi swali moja kwa maandishi. Tunanung'unika. Manung'uniko hayajawahi kuleta kidonge kimoja katika zahanati.

Na anayethubutu kuuliza mara nyingi hukutana na jibu la kiburi: "Ndivyo mfumo unavyokata." Jibu hilo halistahili kutoka katika kinywa cha mtumishi wa umma. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza viongozi kuwa na majivuno na dharau kwa wafanyakazi, na katazo hilo halikufutwa na kompyuta. Mfumo ni chombo. Ulitengenezwa na watu, unaendeshwa na watu, na watu hao hulipwa mishahara ili waueleze.

Lakini na sisi tujikosoe. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekwisha kuonya kwamba Mfuko umekuwa ukilipa zaidi ya unachokusanya. Sehemu ya mzigo huo ni udanganyifu: kituo kinachodai kipimo ambacho hakikufanyika, daktari anayeandika dawa ambayo haikutolewa, na mwanachama anayemwazima shemeji kadi yake. Anayeazimisha kadi hujiona mkarimu. Ukweli ni kwamba anamwibia mwalimu mwenzake wa Nambilanje. Tarehe 1 Machi 2024 tuliona matokeo ya Mfuko na watoa huduma kuvutana juu ya bei, pale hospitali kadhaa za binafsi ziliposimamisha kuwapokea wanachama. Siku hizo hata mwenye mshahara mnene alijua kwamba kadi bila hospitali ni kipande cha plastiki.

YANAYOPASWA KUTENDWA

Tusiishie katika lawama. Mambo manne yanaweza kutendwa bila kungoja sheria mpya.

Kwanza, kila halmashauri, katika mkutano wa watumishi, ionyeshe walau mara moja kwa mwaka pande zote mbili za mchango: kilichokatwa kwa mtumishi na kilicholipwa na mwajiri. Kwa wale wanaolipwa kwa mapato ya ndani ya halmashauri, itajwe na tarehe ambayo mchango wao ulifika kwenye Mfuko. Fedha iliyokatwa na isiyofikishwa haina jina zuri katika Kiswahili.

Pili, Mfuko utangaze tarakimu mbili kwa kila wilaya: kiasi kilichochangwa kwa ajili ya watumishi wa wilaya hiyo, na kiasi kilicholipwa kwa vituo vya wilaya hiyo. Pakiwa na pengo kubwa, ndipo pa kupeleka wataalamu, dawa na makarani wa madai. Hatudai kila wilaya irudishiwe yote iliyochanga, maana saratani na moyo vitatibiwa daima katika hospitali kubwa. Tunadai kwamba homa, kisukari, shinikizo la damu na uzazi salama visimfukuze mwalimu wilayani kwake.

Tatu, fedha za madai huingia sasa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, na kila kituo kina kamati yake ya usimamizi. Walimu wagombee nafasi katika kamati hizo, wasome vitabu vya hesabu, wahakikishe dawa zinatangulia mbele ya posho.

Nne, kila mwanachama ailinde kadi yake kama anavyolinda cheti chake, na amripoti anayefanya Mfuko kuwa shamba la bibi.

Haya ni ya haraka, na sababu yake ni moja. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote. Maana yake ni kwamba mkulima, ambaye hana hati ya mshahara wala mwajiri wa kumlipia nusu, naye anatakiwa aingie. Mkulima huyu ana kumbukumbu. Alikwisha kulipa shilingi 30,000 za Mfuko wa Afya ya Jamii kwa kaya yake ya watu sita, na wako waliofika dirishani wakaambiwa dawa hakuna, mwaka uliofuata hawakurudi. Ataitwa mkutanoni, ataelezwa na viongozi, ataitikia. Kisha jioni atamfuata mwalimu nyumbani, kwa kuwa mwalimu ndiye anayemwamini, na atamwuliza: "Mwalimu, ninyi mnakatwa tangu mwaka 2001. Mmepata nini?"

Mwalimu akijibu kwamba ni wizi tu, sheria hiyo itakuwa imeanguka katika kijiji hicho kabla haijaanza. Akijibu kwamba ni nzuri, huku mkulima anajua kuwa juzi alikopa nauli ya kumpeleka mkewe Ndanda, atapoteza na heshima yake. Anahitaji jibu la tatu: ninalipa kiasi hiki, mwajiri ananiongezea kiasi hiki, zahanati yetu imelipwa kiasi hiki, na dawa zilizonunuliwa ni hizi hapa. Jibu hilo mwalimu hawezi kulitunga mwenyewe. Ni wajibu wa halmashauri na wa Mfuko kumpa tarakimu zake, na ni wajibu wake yeye kuzidai kuanzia mwisho wa mwezi huu.